Spika ya Mlango wa Kushoto

Leimatuʻa, Vavaʻu
10 Februari 1997

Losaline binti yangu,

Sisi hatujambo. Mvua imekuja kwa wakati wake, mivanila imeshika maganda, na nguruwe wa jirani Semisi bado wanaingia shambani kwangu kama walioalikwa. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Sasa nina swali la kazi yako ya kufunga redio za magari. Lile gari letu jeupe lina spika mbili tu, moja kila mlango wa mbele, zile zile zilizotoka nalo kiwandani Japani. Ukiweka kaseti ya kwaya, waimbaji wanasikika kama wamefungiwa ndani ya ndoo na mfuniko juu. Nataka nizitoe niweke nyingine. Sitaki kelele. Nataka sauti nene, yenye uzito, mtu akiweka kiganja kwenye mlango aisikie inapita. Linawezekana hilo? Sauti inapita kwenye bati? Kwenye mfupa je? Tangu Desemba nakaa ndani ya lile gari najiuliza maswali ambayo hata shuleni sikuwahi kuuliza.

Niandikie taratibu, kama unayemfundisha mtoto. Vifaa nilivyo navyo ni bisibisi mbili, koleo, na kisu cha kumenyea viazi vikuu.

Mama yako anakusalimu.

Baba yako,
Penisimani


Māngere, Auckland
24 Februari 1997

Baba mpendwa, shikamoo.

Barua yako niliisoma dukani kwa sauti. Bosi wetu Hemi akaniuliza, "Mzee wako ana miaka mingapi?" Nikamwambia hamsini na tisa. Akasema, "Mwambie aje, nampa kazi. Vijana wangu hawajawahi kuniuliza kama sauti inapita kwenye mfupa."

Inapita, Baba. Kwenye bati pia. Sauti ni mtikisiko tu. Spika ni karatasi inayosukumwa na sumaku. Karatasi inasukuma hewa, hewa inakwenda kusukuma ngozi iliyo ndani ya sikio. Za kiwandani huwa na karatasi nyepesi na sumaku ndogo kama kifungo cha koti. Kwa sauti nyembamba hiyo inatosha. Sauti nene ndiyo inayotaka karatasi pana na sumaku nzito, na ndiyo inayotikisa bati, kiti, mpaka kifua. Nina mteja mmoja huegemeza kichwa kwenye kioo cha dirisha, anasema anasikia besi kwa meno.

Anza hivi. Teremsha kioo mpaka chini. Tafuta skrubu za kava la ndani la mlango, zitoe zote, kisha vuta kava taratibu, maana limeshikwa na klipu za plastiki. Spika ukiiona, pima upana wa tundu, na upime kina kutoka tundu hadi kwenye kioo kilichoteremka. Hicho kina usikikosee, la sivyo siku ya mvua utapandisha kioo na hakitapanda. Waya zikikuchanganya, chukua betri ya tochi uziguse. Karatasi ikiruka mbele, umezipata sawa. Ikirudi nyuma, umezigeuza.

Halafu niambie kweli. Wewe uliyekuwa unawazomea vijana wa mjini Neiafu wakipita na redio juu, leo unataka besi. Nani kakuroga?

Mwambie Mama nampenda. Krismasi nilipopiga simu alisema "ndiyo, ndiyo, Mungu akubariki," akakupa mkonga kabla sijamaliza sentensi. Najua bado ana hasira kwamba niliacha chuo cha uuguzi. Huu mwaka wa pili hajaniandikia hata mstari mmoja. Simlaumu. Ila inauma.

Mwanao,
Losaline


Leimatuʻa
17 Machi 1997

Losaline,

Mlango umefunguka. Nimeandika sentensi moja, lakini ilikuwa Jumamosi nzima. Skrubu ya kwanza ilikuwa nyuma ya kitasa, ya pili chini ya kishikio, ya tatu sikuiona mpaka nilipovuta na kitu kikalia ka! Hiyo ilikuwa klipu. Mama yako alikuwa barazani, hatua kumi kutoka pale, anasuka mkeka. Hakugeuka.

Ndani nikakuta mchanga, maji ya mvua, sarafu ya Kijapani yenye tundu katikati, na spika. Binti yangu, ni karatasi kweli! Nilidhani unanitania. Imechanika ukingoni kama daftari la mwaka juzi. Nikaigusisha betri ya tochi, ikaruka mbele kama koo la mjusi. Niliirusha mara ishirini. Semisi akapita, akaniuliza kama naiba gari langu mwenyewe.

"Njoo uone," nikamwambia. "Hiki kitu ndicho kilichokuwa kinatuhubiria miaka yote."

Akakitazama. "Kidogo hivi?"

"Kidogo hivi."

Tundu ni sentimita kumi na sita. Kina ni tano na nusu, kioo kikiwa chini. Nimepima mara tatu.

Sasa sikiliza. Mlango wa kushoto nautakia spika kubwa kuliko wa kulia. Na kama kuna ile sabufa bapa ya kuweka chini ya kiti, iwe chini ya kiti cha kushoto. Usiulize sana.

Baba


Māngere
2 Aprili 1997

Baba,

Umesema nisiulize sana, kwa hiyo nitauliza kidogo.

Shangazi Vika anarudi nyumbani Ijumaa kwa ndege, nimembebesha mzigo. Kuna spika mbili za sentimita kumi na sita, zinalingana. Kubwa moja na ndogo moja hazifungwi pamoja, zitagombana. Badala yake kuna redio nyingine ya kaseti yenye kitufe cha kugawa sauti. Ukikizungusha kushoto, sauti yote inahamia kushoto. Kuna amplifaya ndogo na sabufa bapa. Kuna waya mwekundu wa kutoka kwenye betri, na fyuzi yake. Ukisahau kila kitu nilichokuambia, usisahau fyuzi. Karatasi ya michoro nimeichora mwenyewe.

Sasa hilo swali dogo. Dereva anakaa kulia. Kila mteja anayeingia dukani kwetu anataka sauti imjie yeye, na wewe unataka ikukimbie. Jambo hili limenikosesha raha wiki nzima. Jana nikaingia kwenye gari la mteja, nikakaa upande wa usukani, nikafumba macho. Nikagundua sikio lililoelekea mlango wa kushoto ni sikio la kushoto.

Baba, sikio lako la kushoto linasikia?

Usinifiche. Ndani ya mzigo kuna kaseti tunayopimia spika. Ina sauti ishirini, kila moja sekunde kumi, ya kwanza nene kama ngurumo ya mbali, ya ishirini nyembamba kuliko mbu. Ukishafunga kila kitu, kaa garini, funga vioo, zima injini, icheze. Andika namba unazosikia na usizosikia. Niletee.

Losaline


Leimatuʻa
21 Aprili 1997

Losaline,

Vika ameleta mzigo. Barua uliyomwandikia baba yako nimeisoma.

Umekisia sawa. Masikio ya baba yako yameanza kuchoka. Ni mtu mwenye haya, usimsumbue kwa maswali. Wala usimwambie yeyote wa kanisa letu huko Māngere, maana habari za huko hufika hapa kabla ya ndege. Mpe anachokiomba, basi.

Kwaya inaendelea. Mwisho wa Juni mkutano mkuu wa kanisa utafanyika hapa Vavaʻu, na sisi tutaimba wimbo mpya. Ni mgumu, sauti ya kwanza inakaa juu sana.

Nina swali moja, kwa ajili ya baba yako. Mtu anapopoteza usikivu, sauti zipi huondoka kwanza? Huondoka polepole, au siku moja tu hazipo? Na mwenyewe hujua?

Mama yako,
Siniva

Bado naamini ungekuwa muuguzi mzuri.


Māngere
30 Aprili 1997

Baba,

Mama ameniandikia. Mwaka na nusu nilikuwa naisubiri barua yake, na imekuja na habari hii.

Kwa nini hukuniambia? Nilikuwa nakucheka dukani mbele ya watu. "Mzee wangu anataka besi." Kumbe mzee wangu hasikii. Sasa naelewa kwa nini ulitaka sauti inayopita kwenye kiganja.

Mpe Mama majibu yake. Nyembamba ndizo huondoka kwanza: ndege, kengele ndogo, watoto, wanawake wanaoimba juu. Herufi kama s na f nazo huondoka, kwa hiyo unasikia mtu anaongea lakini hushiki anachosema. Huondoka polepole. Na mwenyewe hujua mwisho kabisa, baada ya watu wote wa nyumba yake.

Niletee zile namba. Tafadhali.

Losaline


Leimatuʻa
12 Mei 1997

Binti yangu,

Nisamehe kwa kukuficha. Na usilie, machozi yalikuwa yamefuta nusu ya neno "kiganja," ikabidi nikisie.

Matokeo ni haya. Namba moja hadi nane nazisikia vizuri. Ya tisa na ya kumi ni kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bandari. Kuanzia kumi na moja mpaka ishirini, hakuna kitu. Nimejaribu Jumamosi tatu, na majibu ni yale yale.

Lakini spika! Nimezifunga. Ile siku ya kwanza nilipoweka kaseti ya kwaya, kava la mlango lilikuwa linapumua. Besi zilikuja kama watu wanaotembea kwenye sakafu ya mbao. Nimevunja klipu nne kwa jumla, nafasi zake nimezifidia kwa uzi wa kuvulia samaki, haziachii hata ukivuta. Na fyuzi nimeiweka, kabla hujauliza.

Kasoro ni moja tu, nayo inanikera. Nikiwasha injini kuna kilio chembamba, nyiiii, ndani ya spika. Nikikanyaga mafuta kinapanda, nikiachia kinashuka. Hata nikipunguza redio mpaka mwisho bado nakisikia. Kinafanana kabisa na ile sauti yako namba kumi na nne. Ni nini hicho, na nikifukuzeje?

Baba yako


Māngere
20 Mei 1997

Mama,

Barua hii ni yako, Baba asiifungue.

Baba hajui kudanganya. Ameniandikia kwamba kuanzia sauti ya kumi na moja hasikii kitu, halafu mistari sita chini yake analalamika kuna kilio kinachofanana kabisa na namba kumi na nne. Kile kilio ni cha alteneta, mtambo unaochaji betri, tunakiondoa kila wiki hapa, ni jambo la waya tu. Lakini asiyesikia kumi na moja amejuaje kumi na nne inavyolia?

Niliisoma mara mbili, nikatoka nje, nikaingia tena kwenye gari la mteja. Safari hii nikakaa upande wa abiria.

Mama, ni wewe unayekaa kushoto.

Nikakumbuka na mengine. Klipu ilipolia ka! hatua kumi kutoka ulipokuwa, hukugeuka. Baba aliiandika kama mzaha. Halafu ile simu ya Krismasi. Miezi mitano nimeamini ulinikatia maneno kwa hasira. Ulikuwa hunisikii? "Ndiyo, ndiyo, Mungu akubariki" lilikuwa jibu lako kwa nini? Mimi nilikuwa nimekuuliza kama umenisamehe.

Sikuandikii kukulaumu. Nataka kujua tu, kwa kweli nataka kujua. Ukiweka kiganja kwenye mlango unasikia nini? Unapata maneno, au mapigo tu? Kiti nacho kinakupa kitu?

Hapa kuna madaktari wa masikio, na vifaa vidogo vya kuvaa. Sema neno tu.

Losaline wako


Leimatuʻa
29 Mei 1997

Mwanangu,

Ndiyo, ni mimi.

Mwanzoni nilidhani wanawake wa sauti ya kwanza wamekuwa wavivu. Niliwakemea. Niliwaambia wafungue midomo. Walifungua, na bado waliimba kama walio nyuma ya pazia. Nikawakemea zaidi. Halafu Desemba, siku ya kuwekwa wakfu jengo la shule, niliinua mkono kuwaingiza, nikaona midomo inatembea na hakuna sauti. Besi wapo, baba yako yupo, sauti ya tatu ipo. Juu yao hewa tupu, kama nyumba iliyoezuliwa. Nikaendelea kupunga mikono mpaka mwisho wa wimbo. Watu walinishukuru.

Tulipoingia garini nilimwambia baba yako. Aliweka kaseti, na mimi nilikuwa nimeegemea mlango nisimwonyeshe uso. Kitu kikanigusa kiganjani. Kidogo sana, kama moyo wa kifaranga. Nikamwambia aongeze. Akaongeza mpaka ile karatasi ikachanika.

Kwa hiyo spika ya kiwandani niliiua mimi.

Umeuliza ninachosikia. Kwenye mlango napata mapigo na mahali sauti inapohama, kwamba sasa imepanda, sasa imeshuka. Maneno sipati. Kwenye kiti napata besi mgongoni, na nikikaa kimya naweza kutofautisha mwimbaji na mwimbaji. Baba yako namjua. Huchelewa kidogo baada ya kila pumzi, amechelewa hivyo tangu tulipooana.

Sikumwambia mtu mwingine. Miaka ishirini na miwili mimi ndiye ninayewaonyesha watu hawa walipokosea. Mwalimu wa kwaya asiyesikia ni nini? Ulipomshuku baba yako niliona upenyo, nikapita. Nilimtwisha mume wangu masikio yangu. Yeye akasema tu, "Sawa, nina kichwa kikubwa, yatakaa."

Simu ile sikuikata kwa hasira. Nilisikia mngurumo tu, nikajibu ninavyowajibu watu wote siku hizi. Kama uliniuliza kuhusu msamaha, basi jibu lilikuwa sahihi kwa bahati. Lakini nisiwe mnafiki: hasira ilikuwapo. Niliposikia umeacha uuguzi ukafunge makelele kwenye magari ya vijana, niliwaambia wanawake wenzangu kwamba nimepoteza mtoto. Jumamosi iliyopita nilisikia besi sita kwa mgongo wangu, kupitia kiti ulichonitengenezea bila kujua kwamba ni changu. Nimekaa na jambo hilo siku tano. Sijui niliseme vipi, ila nimeliandika.

Sasa na mimi nina maswali. Sauti nisiyoisikia, bado iko ndani ya gari? Inanigonga usoni na mimi sijui? Na je, inaweza kushushwa? Wimbo huu wa mkutano ni mpya. Sauti ya kwanza naijua kwenye karatasi, lakini sijawahi kuisikia ikikaa juu ya zile nyingine. Ninafundisha nyumba ambayo paa lake sijaliona. Nyuma ya karatasi hii nimekunakilia sauti zote nne kwa namba zetu, zile tunazoandikia nyimbo badala ya nota. Kama kuna ujanja wa kuileta hiyo ya kwanza chini, pale ninapofika, niletee.

Habari za daktari usiniambie kabla ya Juni kwisha.

Mama yako


Māngere
9 Juni 1997

Mama,

Ndiyo, bado imo garini. Inakugonga usoni, inagonga kioo, inarudi. Wewe tu ndiye hukutani nayo.

Na inashushwa. Ndani ya bahasha kuna kaseti. Vijana wanne wa chuo cha muziki wanaokuja dukani waliimba sauti zako tatu za chini bila kuuliza ni za nini. Sauti ya kwanza ameiimba Hemi, bosi wangu, Mmaori mwenye mwili kama kabati, kwa sauti yake nene kabisa. Kitonga hakijui, anaimba maneno kama mtu anayetafuna kiazi cha moto, lakini namba zako amezifuata moja moja. Tulirekodi ndani ya gari kubwa la mteja, maana ndipo mahali pekee penye utulivu.

Sauti ya kwanza nimeiweka kushoto peke yake, zile tatu ziko kulia. Icheze kwanza kitufe kikiwa kushoto kabisa, uijue. Kisha mwambie Baba akirudishe katikati, kidogo kidogo, uone inavyokaa juu ya zile nyingine. Iko chini kuliko inavyopaswa, lakini hatua zake ni zile zile.

Baba: ule waya mweusi wa amplifaya, ufungue. Kwangua rangi ya bodi mpaka uone chuma kinang'aa, kisha uufunge hapo kwa nguvu. Na waya mwekundu wa betri usiupitishe pamoja na waya za spika, huo upite upande wake peke yake. Kilio kitakwisha.

Losaline


Leimatuʻa
30 Juni 1997

Binti yangu,

Kilio kimekwisha. Naanza na hilo kwa sababu mengine yatanichukua muda.

Kaseti ilifika Jumamosi ya tarehe kumi na nne. Mama yako aliingia garini asubuhi, akafunga vioo, akaniambia nikae kwenye usukani niwe mtu wa kitufe. Kushoto. Akaweka kiganja mlangoni, akakunja uso. "Tena." Nikarudisha. "Tena." Mara ya nne akaanza kupunga kidole. Halafu akasema, "Sasa walete wengine." Nikazungusha kitufe kidogo kidogo, kama ulivyosema. Nilikuwa naangalia kitufe, sikuwa naangalia yeye. Nilipogeuka alikuwa ameshika kinywa.

"Kumbe hapa ndipo wanapokutana," akasema. "Mstari wa tatu. Penisimani, nilikuwa nawafundisha vibaya! Nilikuwa nawasukuma, na walipaswa kusubiri."

Hakulia, wala hakufurahi kama nilivyotarajia. Alikasirika, tena kwa ajili ya mstari wa tatu. Tulikaa mle mpaka betri ikaisha, ikabidi Semisi aje atusukume.

Jioni ile ile kwenye mazoezi akasimama mbele ya kwaya na karatasi zake. Mimi nilikuwa nyuma, na wenzangu wa besi.

"Sauti ya kwanza," akasema, "siwasikii. Sisemi mnaimba vibaya. Siwasikii kabisa, tangu Desemba. Mnaotaka mwalimu mwingine mseme leo, mapema, kabla ya mkutano."

Pisila, kiongozi wa sauti ya kwanza, akainua mkono.

"Mwalimu, tunajua."

"Mnajua nini?"

Hakumshika vizuri, ikabidi Pisila aje mbele asimame usoni pake. "Tunajua! Tangu ile siku ulipotuambia tufungue midomo na mishipa ilikuwa imetutoka shingoni. Tukakubaliana tuimbe kwa nguvu zote ili usijisikie vibaya. Miezi sita, Mwalimu! Mimi koo langu limekwisha. Hatutaki mwalimu mwingine. Tunaomba ruhusa ya kuimba taratibu."

Mtu mmoja wa sauti ya tatu akaanza kucheka, akajaribu kuzuia, akashindwa. Kisha wote. Mama yako alikuwa wa mwisho kucheka, na alicheka kwa hasira, akimpiga Pisila begani kwa karatasi.

Siku ya mkutano tuliimba baada ya chakula cha mchana, watu wamevaa mikeka yao mizuri ya heshima kiunoni na wameshiba. Mama yako na Pisila walikuwa wamepatana hivi: Pisila aweke mkono mbele ya tumbo, na sauti yao ikianza kushuka, ateremshe kidole. Ubeti wa kwanza kidole hakikusogea. Mstari wa tatu walisubiri, kama Mama yako alivyotaka, na niliona wachungaji wa mbele wanainua vichwa. Ubeti wa pili kidole kikashuka. Nilisikia kweli wanashuka, nikaogopa. Mama yako akafungua kiganja, akakipandisha polepole, anamtazama Pisila peke yake kama hakuna mtu mwingine duniani. Wakapanda. Sijui kama mtu mwingine aliona. Sisi tuliona.

Garini hakuomba kaseti. Aliniuliza, "Walifika?"

Nikamwambia, "Walishuka kidogo ubeti wa pili. Wakarudi."

"Nani alishuka kwanza?"

"Pisila mwenyewe."

"Na ni yeye aliyenionyesha," akasema.

Ameandika barua yake, ameikunja, sijaisoma. Naiweka humu.

Baba yako


Leimatuʻa
30 Juni 1997

Losaline,

Juni imekwisha, kwa hiyo sasa niambie habari za huyo daktari.

Nimeongea na kwaya. Kuanzia sasa Pisila atasimama nami mbele, yeye kwa sauti za juu, mimi kwa za chini, na nitamfundisha yote ninayoyajua mpaka achoke kuniona. Anasema ameshachoka. Wachungaji wametusifu. Mmoja alisema tumeimba kwa utulivu usio wa kawaida kwetu, nikamshukuru.

Nitakuja Agosti, vanila ikishavunwa. Baba yako atabaki na nyumba, na Semisi ameahidi atawafungia nguruwe wake, jambo ambalo siliamini. Usinitafutie mtu wa kunitembeza mjini. Kama vifaa hivyo vya sikio vitanisaidia, nitavivaa hata kanisani, na wanaotaka kutazama watatazama. Kama havitanisaidia, nitarudi jinsi nilivyo. Siji kufa huko. Nakuja kuuliza.

Nina maswali mengi. Kwa nini sauti nene inapita ukutani na nyembamba inabaki chumbani? Kwa nini mgongo unasikia kuliko tumbo? Yule Hemi aliyeimba kama anatafuna kiazi, aliwezaje kufuata namba za Kitonga? Baba yako ananijibu kwa kubuni, nami najua anabuni. Nataka kujibiwa na fundi.

Siku ya kwanza nipeleke kwa daktari. Siku ya pili nipeleke dukani kwako, asubuhi, mnapofungua. Wewe usiache kazi zako kwa ajili yangu. Endelea, mimi nitakuwa natazama mdomo wako na mikono yako. Na usinikalishe kwenye kiti cha wateja nikapewa chai. Nipe kazi.

Mama yako,
Siniva